Umefungika ndani? Chora tangi la jirani

Huu mwongozo si wa wasanii, wasanii wana mambo yao. Ni wa yule alobanwa ndani hana la kufanya, umevunjika mguu, uko arobaini ya mtoto, uko eda, ama daktari kasema usichanganyike na watu wiki mbili, yani siku zimefanana mpaka wauliza leo Jumanne ama Alhamisi na nyumba nzima hakuna anojua. Mkono wawasha kutengeneza kitu, lakini kila ukikaa na karatasi wajiambia humu ndani kuna nini cha kuchora.

Mimi nilikuwa hapo hapo. Mwezi wa tano 2020, wakati wa korona, Mji wa Kale wa Mombasa ulifungwa, kuanzia tarehe 6 hakuna kuingia hakuna kutoka, tena ndani ya Ramadhani, misikiti imefungwa, kafyu saa moja jioni, na sisi tuko ghorofa ya tatu watu sita vyumba viwili. Mwanzo ikasemwa siku kumi na tano, halafu ikaongezwa mpaka mwezi wa sita. Dirisha letu la jikoni laangalia kaskazini na unachokiona hapo ni paa la mabati la nyumba ya pili, tangi jeusi la maji, kamba ya nguo, ncha ya mnara wa msikiti na kunguru. Bas. Hicho ndo nlichokichora mwezi mzima, na mpaka leo sijachora kitu ninachokipenda kama kile. Haya, tuanze.

Hatua ya 1: sahau jahazi

Mtu wa Mombasa ukimwambia chora, atakuchorea jahazi na jua latua, ama mlango wa kuchonga, ama Fort Jesus. Sina ugomvi navyo. Ngome ipo tangu 1593 walipoanza kuijenga, haitokimbia. Mushkili ni kwamba ukichora jahazi huchori jahazi, wachora ile picha uloiona kwenye maduka ya watalii, mkono waenda wenyewe na macho yamelala. Tangi la jirani hakuna alokufundisha lachorwaje. Itabidi uliangalie.

Kwa hivyo kabla ya kushika penseli andika vitu ishirini unavyoviona dirishani, umekaa pale pale, usinyanyuke. Vinane vya kwanza vitatoka mbio mbio, vya kila mtu, paa, tangi, mbingu, nguo. Halafu utakwama, na hapo wengi ndo huacha, usiache, maana kuanzia cha tisa ndo mambo huanza. Changu cha tisa kilikuwa jiwe lililowekwa juu ya mfuniko wa tangi usipeperuke na upepo. Cha kumi na mbili, kamba ya buluu iliyofunga bomba kwenye msumari. Cha kumi na saba kilikuwa kivuli cha kamba ya nguo juu ya mabati, na hiki nlikaa nacho karibu nusu saa, kwa sababu kamba yenyewe imenyooka lakini kivuli chake kinapanda na kushuka kila wimbi la bati kama nyoka, na miaka yote naosha vyombo hapo sikuwahi kukiona.

Kama dirisha lako laangalia ukuta mtupu, ama huna dirisha, usiniambie basi. Giorgio Morandi wa Italia aliishi Bologna na dada zake watatu, chumba chake cha kulala ndo hicho hicho cha kuchorea, na miaka nenda miaka rudi alichora chupa na mikebe ile ile mezani, anavisogeza kidogo tu, leo hii chupa iko mbele kesho iko nyuma, mpaka akafa 1964. Una birika, una chupa ya chai, una mtungi. Panga.

Hatua ya 2: kata pindo

Sasa hapa ntakwambia kitu ambacho hukijui na wakijua. Leso, yani kanga. Kila mwanamke wa hapa anajua leso ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo lazunguka nje, mji ndo katikati pale penye embe ama ua ama sijui nini, na jina ni yale maneno ya chini. Mchoro wako pia wataka vitu hivyo hivyo vitatu, na kwa mpango huo huo.

Pindo kwanza. Ukiangalia dirishani waona dunia nzima na ndo maana hujui uanzie wapi. Chukua boksi la maziwa ama la dawa ya meno, likate, toboa katikati dirisha dogo la mstatili, kama upana wa vidole vitatu na urefu wa vidole vinne. Funga jicho moja, angalia kupitia hapo, sogeza polepole. Kushoto, kulia, juu. Kisogeze karibu na jicho waona mengi, kipeleke mbali waona machache. Utafika mahala moyo utasema hapa. Usiulize kwa nini hapa.

Mji utajichagua wenyewe, lakini ushauri wangu usiuweke katikati kabisa. Kwenye leso wakaa katikati kwa sababu leso yavaliwa, yazunguka mwili. Karatasi haizunguki. Tangi langu nililisukuma kulia mpaka likakatwa kidogo na pindo, na ile nafasi tupu ya kushoto yenye mabati matupu ndo ikawa na raha. Jina tutalirudia mwisho.

Hatua ya 3: vifaa, hapa sitakuweka sana

Kalamu ya wino ya kawaida yatosha. Daftari la mtoto latosha. Lakini kama wataka weusi wa kweli, weusi wa tangi, chukua makaa. Makaa ya jikoni mengi ni magumu, yakwaruza karatasi, kwa hivyo chambua, tafuta vipande vyembamba vilotokana na matawi, jaribu kwenye kucha, kikiacha alama bila kukwaruza hicho chafaa. Ama jitengenezee, mimi nlikata vijiti vya mwarobaini vya unene wa penseli nikavimenya, nikavipanga kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nikaufunga na kuutoboa tundu moja dogo, nikaweka juu ya jiko. Moshi utatoka tunduni. Moshi ukikata, toa mkebe na uuache upoe WENYEWE, ukifungua moto moto hewa itaingia na vijiti vitageuka jivu, niulize mimi. Fanya karibu na dirisha lilo wazi, si kwenye chumba kimefungwa, makaa yaua.

Kufutia ni ule ulaini wa ndani wa mkate, uufinyange kidonge. Wafuta makaa vizuri kuliko raba.

Rangi? Kahawa tungu ilobaki kwenye buli yatoa hudhurungi nzuri sana, ukiipaka mara tatu nne yaiva. Bizari yatoa manjano ya kupendeza lakini usiipende sana, ikikaa kwenye mwanga yafifia, yangu ndani ya wiki chache ilikuwa kama haikuwapo.

Hatua ya 4: grili

Hii ndo hatua yenyewe, na hakuna alonifundisha, nliigundua kwa hasira. Siku tatu za mwanzo nlikuwa nateta na grili ya dirisha, zile nondo zinanizuia nisione, nataka kuchora tangi nondo imepita katikati. Siku ya nne nikaona. Grili yetu ni ya miraba, mitano kwa upana, minne kwenda chini. Ule ni mpango wa kuchorea umeshachomewa ukutani tangu kabla sijazaliwa!

Fanya hivi. Hesabu miraba ya grili yako. Ichore hiyo hiyo kwenye karatasi kwa penseli nyepesi, mimi nlifanya kila mraba sentimita 4, kwa hivyo mitano kwa minne ikatoka sentimita 20 kwa 16, yaingia kwenye karatasi ya kawaida ya fotokopi. Kama grili yako ni ya maua maua na mizunguko, funga uzi mweupe juu yake, wima na ulalo, ushike na selotepu.

Halafu kaa. Na hapa wengi huharibu. Kichwa kikisogea kidogo tu, kila kitu chahama, tangi lilokuwa mraba wa tatu lajikuta wa nne. Kwa hivyo weka kigoda hatua moja na nusu kutoka dirishani na uchore chokaa sakafuni kuzunguka miguu yake, na mwambie kila mtu nyumbani asikiguse (watakigusa, ndo maana ya chokaa). Funga jicho moja, kila siku jicho lile lile. Na weka alama moja ya kurudia, mimi nlitia nukta ya wino kwenye kioo ikakaa sawasawa na ncha ya mnara, kila nikikaa nasogeza kichwa mpaka nukta iguse ncha, hapo najua nimerudi mahala pangu.

Sasa chora mraba mmoja mmoja, na usichore tangi. Sahau neno tangi. Jiambie "kuna mstari waingia kutoka kushoto, robo kutoka juu, wapinda, watokea chini karibu na kona". Ukishasema tangi mkono utachora tangi la kichwani mwako, duara zuri lisilo na kovu. Na chora pia nafasi tupu, lile pande la mbingu lilobaki kati ya tangi na mnara lina umbo lake, langu lilikuwa kama shoka lisilo na mpini, ukilipata hilo umbo sawasawa basi tangi na mnara vimejichora vyenyewe pande zote mbili.

Lile jiwe la juu ya mfuniko lilinitesa. Kwenye mraba lilikuwa dogo kuliko kucha, lakini kila nikilichora latoka duara, jiwe la kitabuni. Nikiangalia tena, si duara. Upande wa juu uko bapa, tena si bapa tu, umebonyea katikati kama sahani. Nafuta kwa mkate, nachora, mkono walizungusha tena, kwa sababu mkono wajua mawe ni ya duara na hausikilizi jicho. Mara ya tano ama ya sita ndo nikalichora vile lilivyo, limebonyea, na likawa laonekana limekosewa kabisa. Nikaliacha hivyo hivyo. Na wewe likionekana limekosewa lakini ndo lilivyo, liache.

Hatua ya 5: chora doti

Leso haiuzwi moja, wauziwa doti, mbili pamoja, ndo ukate na upinde. Na pindo lile lile moja ulolichagua, chora mbili: moja asubuhi, moja jioni. Usibadilishe chochote isipokuwa saa.

Mwanga wa hapa wahitaji ujuzi kidogo. Sisi tuko karibu na ikweta, kama digrii 4 upande wa kusini, kwa hivyo jua la saa sita na kitu laingia juu ya utosi na vivuli vyajificha chini ya vitu vyenyewe, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na mwanzoni mwa wa kumi kivuli chako chakaa chini ya nyayo. Wakati huo usichore, lala. Mabati yote yawa meupe na hakuna umbo. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi, na saa kumi mpaka kumi na mbili jioni, ndo saa zako. Na ujue jua lahama kwa mwaka: mwezi wa sita limeenda kaskazini, dirisha langu lapata jua mpaka kwenye sufuria, mwezi wa kumi na mbili limeenda kusini na jikoni pawa kivuli mchana kutwa. Hata nguo kwenye kamba zabadilika, kusi ikivuma zalala upande huu, kaskazi ikija zageukia kule. Ukiwa umefungwa miezi, hicho pekee chatosha kuchora.

Kuna mambo mawili ya zamani nayapenda hapa. Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilobaki, ilopigwa 1826 ama 1827 na Mfaransa Nicéphore Niépce, ni ya nini? Ni mapaa, yaloonekana kutoka dirisha la juu la nyumba yake. Alipaka lami kwenye bamba la madini akaliacha kwenye kamera masaa nane ama zaidi, na kwa sababu jua lilikuwa latembea muda wote huo, kuta zimepigwa na mwanga pande zote mbili, asubuhi na jioni kwenye picha moja. Yani yeye doti yake aliivaa yote kwa pamoja.

Wa pili ni Josef Sudek wa Prague. Mkono wa kulia aliupoteza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, akabeba makamera yale makubwa kwa huo mmoja ulobaki. Vita vya pili vilipokuja na mji kukaliwa na Wajerumani akaanza kupiga picha dirisha la studio yake mwenyewe, kuanzia 1940, akaendelea miaka kama kumi na nne, kioo kina ukungu, kioo kina matone, kioo kina barafu. Sisi barafu hatuna, lakini chemsha maharagwe siku ya masika madirisha yamefungwa uone kioo chako. Ule mvuke wafuta kila kitu wabakisha maumbo makubwa tu, doa jeusi la tangi na mstari wa paa, na kwa anoanza ni rahisi zaidi kuchora hivyo kuliko siku ya jua. Kama una dirisha la luva, ndo bora zaidi, kila kioo chaonyesha kipande cha mbingu tofauti.

Hatua ya 6: adabu ya dirisha

Mji wa Kale nyumba zimebanana, waweza kupokezana chumvi na jirani kwa mkono. Kwa hivyo ukikaa dirishani jicho moja umefunga, kijiboksi mkononi, wiki nzima, watu wataona. Siku ya sita bibi wa nyumba ya pili alipanda kuanika akanikuta.

"We mwana, wachungulia n'ni?"

"Shikamoo bibi. Sichungulii, nachora tangi."

"Marahaba. Tangi? Lina n'ni hilo tangi?"

Sikuwa na jibu. Akaanika, akashuka, jioni mamangu akaambiwa. Kwa hivyo we usifanye kama mimi, sema mapema, piga simu ama tuma mtoto. Usichore madirisha ya watu na yalo ndani yake, nguo za ndani kwenye kamba ziache ama zigeuze ziwe shuka, na usipige picha kwa simu, watu wavumilia penseli lakini simu yaenda mbali. Ikiwa wachora mtu, mchore akiwa mgongo, ama mchore kunguru, kunguru hana heshima ya kuvunjiwa.

Hatua ya 7: kuitunza, na jina

Makaa yakiguswa yachafuka. Dawa ya bei rahisi ni maziwa, changanya na maji nusu kwa nusu, weka kwenye chupa ya kunyunyizia, simama mbali, nyunyiza kidogo, acha ikauke, rudia. Ila yawe yaloondolewa mafuta. Mimi nlitumia yale mazito ya chai ya futari, asubuhi nakuta msururu wa sisimizi waingia chini ya friji watokea kwenye mchoro, na kona moja ya mabati ina njia yao mpaka leo. Unyevu wa Pwani nao ni adui, usiweke michoro kwenye mfuko wa plastiki, itaota ukungu, iweke katikati ya magazeti mahala pa juu.

Jina liandike mwisho, kwa herufi kubwa, chini, kama leso. Si lazima lieleze picha, majina ya leso hayaelezi maua yake, yarusha neno kwa mtu. Fikiria nani ungependa alisome. Langu liliandikwa hivi:

SIKUCHUNGULII WEWE, NATAZAMA TANGI LAKO

Njia zilipofunguliwa nlimpelekea bibi ule mchoro wa jioni, pamoja na mahamri, kuomba radhi. Alisoma jina akacheka mpaka akakaa. Halafu akanyamaza, akausogeza mchoro karibu na macho, akasema hili si jiwe, hili ni la mamangu la kusagia liwa ya kujipaka, lilivunjika nikalipandisha juu kukandamiza mfuniko, we umelijuaje? Nikamwambia mimi sikulijua bibi, nlichora nlichokiona. Akaweka kidole pale palipobonyea, makaa yakamganda kidoleni.